Stroberi Mia Sita na Mtani Mmoja

Nataka kutukanwa. Nimeamka na hamu hiyo leo, na jana, na siku kumi na saba kabla ya jana. Nataka Takko asimame mlangoni kwangu na kibuyu cha maziwa kichwani, aniite mlevi, mla viwavi, mtumwa aliyemtoroka baba yake. Si tusi lolote kutoka kwa mtu yeyote. Ya jirani yangu wa kushoto ninayo ya kutosha, na yote nimemrudishia na chenji juu. Nataka ya Takko.

Mimi ni Mbobo, Takko ni Mfulani. Kwa watu wa hapa mjini Wagadugu ningeishia hapo. Sisi ni watani tangu babu wa babu zetu. Mtani akikutukana humkasirikii. Ukifiwa na baba, mtani anakuja kukaa juu ya jeneza na kudai mbuzi kabla halijatoka nyumbani, nawe unampa huku unalia na kucheka. Hakunyimi, humnyimi, na damu yake humwagi. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi sikuwahi kujiuliza kama jambo hilo lina mlango wa nyuma.

Kazi yangu ni vitamutamu vya tonge moja, na mwezi wa pili ni msimu wa stroberi. Nazinunua asubuhi na mapema kwa wakulima wa bwawa la Boulmiougou, zikiwa bado na umande, maana zetu ni laini na jua likizigusa zinalegea. Nazikata kichwa, nazitoa moyo kwa ncha ya kisu, nazijaza krimu, nanyunyizia karanga zilizosagwa. Unatia mdomoni nzima. Mtu anayeing'ata stroberi yangu mara mbili simwamini.

Siri ni krimu, na siri ya krimu ilikuwa Takko. Maziwa yake mgando aliyafunga kwenye kitambaa usiku kucha mpaka maji yote yakatoka, yakabaki mazito, yenye uchachu kidogo tu. Mimi naongeza sukari, vanila na ganda la limau. Wenzangu wanatumia krimu ya kopo, na stroberi zao zina ladha ya kopo.

Kwa miaka minane asubuhi zetu zilikuwa hivi.

"Fungua mlango, mlevi! Pombe ya jana haijakutoka?"

"Mwizi hapigi hodi. Umekuja na ng'ombe wa nani leo?"

"Wa baba yako. Aliniachia rehani akaenda kunywa dolo, mpaka leo sijamwona."

"Na maji umetia kiasi gani humo?"

"Kiasi cha akili yako. Kidogo tu."

Halafu anapima. Takko hupima maziwa akiwa ametumbukiza kidole gumba ndani ya kopo, na ni kidole cha mwanamke aliyekamua tangu akiwa na miaka mitano, kinene kama muhogo. Mimi napiga kelele kwamba nanunua maziwa, sinunui kidole. Yeye anasema kidole ni kodi ya bwana kwa mtumwa. Akimaliza anapitisha mkono kwenye bakuli langu na kudokoa stroberi mbili, hiyo nayo kodi, na anaondoka akitafuna. Siku ambayo hakuja kwa sababu ya homa, niliunguza karanga.

Miaka hii ya karibuni Takko alianza kuzunguka kwa njia za uchochoroni. Tangu mashambulizi ya wenye silaha kaskazini yaanze na lawama kuwaangukia Wafulani wote, Mfulani akipita na mzigo, watu hawamtazami usoni, wanatazama mzigo. Sikumuuliza. Nilizidisha matusi tu, maana niliona yanamchekesha, na mtaani kwangu kila aliyetusikia alijua huyu mama ana mtu wake hapa. Hilo ndilo nililofikiri nalifanya.

Kisha ikaja harusi ya binti wa Madam Clémence.

Madam Clémence ni mwanamke mwenye vyumba vingi na subira ndogo. Alitaka stroberi mia sita, zijazwe palepale jikoni kwake Jumamosi asubuhi, zisisafirishwe zikiwa zimejazwa. Katika hilo alikuwa na akili. Alikuwa amejikondesha mwezi mzima ili aingie kwenye gauni, shingo imebaki mishipa, bangili zinateleza mpaka kwenye kiwiko akiinua mkono. Na mkono aliinua sana, maana kila dakika kumi alikuja jikoni, akachovya kidole kwenye bakuli langu la krimu, akakilamba na kusema, "Sukari iko wapi?" Nilitia sukari. Alirudi, akachovya tena. "Sasa imezidi."

Nilikuwa na wanawake wanne wa kunisaidia kukata, wawili wa kwangu, wawili ndugu wa nyumba. Takko alifika saa tatu na kibuyu cha pili cha maziwa mazito. Nilipomwona tu mlangoni nikapaza sauti.

"Madam, funga makabati! Mwizi wangu amefika. Akikosa ng'ombe, huyu anabeba hata hereni ikiwa sikioni."

Wanawake wakacheka. Takko akatua kibuyu chake taratibu.

"Hereni mkae nazo. Nimekuja kuchukua mtumwa wangu nimrudishe nyumbani. Mmemfungia jikoni, hamjui kwamba analamba?"

Hata Madam Clémence alitabasamu, kidole kikiwa mdomoni. Nikamwambia Takko akae atusaidie kukata, mikono yake ni myepesi. Akaketi kwenye kigoda, akakata, akadokoa, tukatukanana. Stroberi zikajipanga kwenye sinia safu kwa safu, tupu, zikisubiri. Sijui kama nimewahi kuwa na asubuhi nzuri kama ile kazini.

Saa nne na nusu Madam Clémence aliingia akiwa na gauni tayari na viatu mkononi. Hakuchovya. Alisimama katikati ya jikoni akiwa ameshika kidole chake cha pete.

"Pete yangu haipo."

Kila mtu akainama kutazama sakafu. Tukasogeza viti, tukatikisa maganda kwenye ndoo. Pete ya dhahabu yenye jiwe la bluu, ya mama yake marehemu. Alikuwa nayo asubuhi, watu wote waliiona. Tulitafuta sebuleni, bafuni, kwenye ukumbi mrefu wa vyumba. Magari ya kwenda manispaa yalikuwa yameshawashwa, madereva wanapiga honi.

Madam Clémence hakumtazama Takko. Alinitazama mimi.

"Eulalie. Wewe mwenyewe umesema."

"Nimesema nini, madam?"

"Kwamba ni mwizi. Umesema hapa, mbele ya watu wote, wala hukuulizwa."

"Madam, ule ni utani! Mimi Mbobo, yeye Mfulani, wewe mwenyewe unajua."

"Najua. Na mzaha mzaha hutumbua usaha. Nani alikwenda ukumbini kuchota maji?"

Takko ndiye aliyekwenda kuchota maji. Nilimtuma mimi.

"Sikiliza," akasema, sauti imeshuka, na sauti yake ikishuka ni mbaya kuliko ikipanda. "Siku hizi nani anawajua watu hawa? Naweza kuwaita vijana wa ulinzi wa mtaa. Wako pale kwenye kona, dakika mbili tu watakuwa hapa. Au umpekue wewe, yaishe. Wewe ni mtani wake. Hawezi kukukasirikia."

Mwanamke mmoja wa ile nyumba akadakia, "Kweli. Bora mtani. Mtani hana kosa."

Nitasema yaliyopita kichwani mwangu, yote, maana nimeyaficha siku kumi na tisa na hayajaniletea faida. La kwanza nililowaza ni wale vijana na fimbo zao, na hilo ndilo nililojitetea nalo baadaye. La pili niliwaza stroberi mia sita zilizokwisha kukatwa, zinazoanza kulegea. La tatu, likapita haraka kama panya chini ya kabati, niliwaza: na kama ni kweli?

"Takko," nikasema, "simama."

Kwa miaka minane sikuwahi kumwita kwa jina lake. Alikuwa mwizi, mtumwa, mifupa, mke wa ng'ombe. Aliposikia jina aligeuka kama mtu aliyeitwa na mgeni njiani. Kisha akasimama, akainua mikono juu, na akatabasamu. Alitabasamu kwangu peke yangu.

"Pekua vizuri, mlevi. Ng'ombe wa kwanza yuko kwenye sidiria. Angalia asikupige teke."

Mtu mmoja alicheka nyuma yangu. Na hapo ndipo nilipotakiwa kucheka. Alikuwa amenifungulia mlango, nilichotakiwa kufanya ni kuingia. Ningesema, "Ng'ombe gani, na kifua chenyewe hakuna?" Ningemgeukia Madam Clémence nimwambie kwamba mwizi huyu ni wangu, na akitaka kumpekua aanze na mimi. Jikoni nzima ingecheka. Hata vijana wa kona wangekuja wakakuta kicheko, na ni vigumu kumpiga mtu katikati ya kicheko. Tusi moja tu. Mimi, ambaye nina matusi ya kulisha kijiji, sikuwa na hata moja.

Nikaingiza mkono.

Nilimpekua kweli. Nilipita kwenye sidiria, kwenye pindo la kitenge, kwenye fundo la kiunoni. Nilifungua fundo. Kulikuwa na kipande cha kokwa ya kola kilichong'atwa upande mmoja na ufunguo wa mlango. Alinitazama usoni muda wote, na tabasamu lilikuwa bado lipo, ila nyuma ya tabasamu hilo hapakuwa na mtu.

Hakungoja nimwambie habari ya kichwa. Alifungua kilemba mwenyewe, akakikung'uta mara mbili. Nywele zake zina mvi. Sikuwa nikijua. Kisha akakiinua kibuyu chake, akamimina maziwa yaliyobaki sakafuni, polepole, ili Madam Clémence aone chini yake hakuna kitu. Akaweka kibuyu kichwani, akatoka. Hakudokoa stroberi.

"Atakuwa ameimeza," alisema Madam Clémence, akavaa viatu vyake akaenda kumwoza binti yake.

Tulifuta maziwa. Nikaanza kujaza, maana mikono haijui aibu. Krimu unaitia kwenye mfuko wa plastiki, unakata kona ndogo, unaminya, stroberi inajaa, unahamia nyingine. Mia moja. Mia mbili. Mia tano zilikwisha, nikajaza mfuko wa mwisho kwa krimu ya chini ya bakuli. Zilikuwa zimebaki kama thelathini hivi, mfuko ukaziba. Nikaminya, haitoki. Nikadhani ni pande la maziwa halikupondwa, nikamtukana Takko moyoni kwa mazoea tu. Nikaminya kwa nguvu zote, na kwenye ile kona, ndani ya weupe, nikaona bluu.

Niliketi kwenye kigoda chake. Yule mwanamke wa nyumba aliyesema mtani hana kosa aliiona pete, akajishika mdomo, akasema, "Alipokuwa anachovya." Ndiyo. Alipokuwa anachovya. Kidole kilichokondeshwa, krimu yenye mafuta, na sisi watu wazima sita tunapekua kifua cha mwanamke mwenzetu huku bakuli liko mezani linatutazama.

Waliporudi kutoka manispaa kwa honi na vigelegele, niliwasubiri uani. Nilipanga stroberi zote mia sita kwenye masinia, na kwenye sinia kubwa, juu ya ile ya katikati, nikaweka pete, imesimama kwenye krimu. Nikapita nayo katikati ya wageni mpaka kwa Madam Clémence. Sauti yangu ni kubwa. Siku ile sikuipunguza.

"Madam, pete yako. Ilikuwa kwenye krimu. Uliitumbukiza mwenyewe ulipokuwa unachovya vidole."

Wageni wakageuza vichwa. Yeye akacheka. Akaichukua pete, akailamba krimu mpaka ikang'aa, akaivaa.

"Mungu mkubwa! Basi yameisha."

"Hayajaisha. Takko aitwe, aombwe radhi hapa mbele ya watu."

"Takko nani?" Aliuliza kwa dhati kabisa. Kisha akakumbuka. "Ah, yule. Mpelekee sahani ya stroberi, mwambie inatoka kwangu."

"Madam," nikasema, "umejikondesha mpaka umekonda akili."

Wamo waliocheka na wamo walioshika vifua. Nimepoteza nyumba ile na nyumba za rafiki zake zote, na silii. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na lile bado lilikuwa dogo. Lakini nilipokuwa narudi kwangu na pikipiki, vumbi la mwezi wa pili likinijaa mdomoni, nilijua kwamba hasira ile nilimmwagia mwingine ilhali aliyeistahili ni mimi. Madam Clémence hakuingiza mkono wake popote. Mkono ulikuwa wangu.

Jumatatu Takko hakuja. Wala Jumanne. Nilijiambia ana homa. Wiki ya pili nikasikia anapeleka maziwa kwa muuza dege, ule mseto wa mtama na maziwa mgando, mtaa wa pili, anapita nyuma ya nyumba yangu kabisa. Ningeweza kumvizia njiani. Niliogopa, na mimi si mtu wa kuogopa.

Leo nimekwenda. Nimejaza stroberi ishirini, nzuri kuliko zote za msimu, ingawa krimu nimeitengeneza kwa maziwa ya mtu mwingine na haifai. Nikazifunga kwenye boksi la barafu nyuma ya pikipiki. Njia nzima nilipanga matusi. Nilichagua kama mtu anayechagua nguo za sikukuu: hili la babu yake na ndama, hili la miguu, hili jipya kabisa ambalo nilikuwa nimelitunza. Anakaa mwisho wa mji, lami inapoishia, kwenye ua wa mabua na miiba, ng'ombe wanne wamefungwa.

Alikuwa ameketi kivulini anatikisa maziwa kwenye kibuyu. Binti yake mkubwa, Dikko, alikuwa pembeni ananyonyesha. Nikasimama langoni, mikono kiunoni.

"Mwizi! Nimekuja kuchukua ng'ombe wa babu yangu! Na wewe mwenyewe nitakufunga nyuma ya pikipiki, nikakuuze sokoni, ingawa kwa mifupa hiyo watanipa chumvi tu!"

Dikko akaruka kwa furaha, hata mtoto akaachia ziwa.

"Haaa! Mlevi ameamka! Nani amekufungulia kamba wewe, mla vi..."

"Dikko," Takko akasema. "Mpe madam kiti."

Dikko alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Akaleta kiti, akakifuta vumbi kwa kanga yake.

Nikakaa. Nikazitoa stroberi kwenye boksi, nikampa kwenye sahani iliyofunikwa. Akaipokea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo, kama watu wanavyopokea kitu cha mtu wasiyemfahamu. Akaiweka chini bila kufunua.

"Asante sana, madam. Mungu akuzidishie."

"Takko, nimekukosea."

"Hujanikosea. Pete ilipotea, mkaitafuta. Nasikia imepatikana. Alhamdulillahi."

"Ilikuwa kwenye krimu."

"Alhamdulillahi," akasema tena.

"Nilikuogopea wale vijana. Ndiyo maana nikakubali."

"Najua. Umenisaidia."

Hakukuwa na kisu ndani ya sauti yake. Nilikitafuta, ningekishukuru. Nikaanza kugomba.

"Basi nitukane! Kaa hapo unitukane mpaka jua lizame! Niite unavyotaka, mimi na mama yangu na kaburi la baba yangu. Hapa uani nilikuja kwenye msiba wa mumeo, nikalala juu ya jeneza lake, ukanifukuza na fimbo huku unacheka. Nitukane, Takko."

Aliacha kutikisa kibuyu. Kwa muda mfupi nilidhani tusi linakuja. Nilimwona akinitazama kama alivyonitazama siku ile na mikono juu, akitafuta kitu usoni mwangu.

"Nimtukane mteja?" akasema. "Haifai. Madam umekuja kuchukua maziwa?"

Dikko akageuza uso. Mimi nikasema ndiyo, nimekuja kuchukua maziwa, maana sikuwa na neno jingine la kunikalisha pale. Akainuka, akaleta kopo lake lilelile lenye ubapa upande mmoja, akalishika kwa nje, kwa ncha za vidole, kidole gumba kikiwa mbali na ukingo. Akamimina mpaka juu. Akangoja povu lishuke, akaongeza. Hajawahi kunipimia hivyo, wala sijawahi kumwona akimpimia mtu yeyote hivyo isipokuwa wageni.

"Yamejaa, madam?"

Nikamwambia yamejaa.